Kwa Hibo, Uliyeketi Kiti cha Nyuma

Mwanangu Hibo,

Dada yako Nasra anapanga safari. Juma lililopita alikuja hapa kwangu Kitengela na ramani aliyochapishiwa kwenye saiba, akaitandaza mezani na kuibana kwa vikombe vya chai ili upepo usiichukue. Anataka kuwapeleka watoto wake Ndola kwa gari, kupitia Namanga na kukata Tanzania yote, kama tulivyofanya sisi katika miaka ya tisini. Nilimwambia watoto bado wadogo. Akacheka. "Abo, na sisi tulikuwa nini? Wazee?" Kisha akaacha kucheka. Akatazama nje, upande wa lango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Majina utaita wewe, ama niite mimi?"

Nilimwambia chai inapoa. Lakini swali lake linataka jibu kabla shule hazijafungwa, na kabla sijamjibu yeye nimeona ni haki nizungumze na wewe, kwa kuwa jambo hili ni lako kuliko letu sote.

Wewe ulikuwa wa pili, baada ya Nasra. Ulizaliwa Kajiado, nilipokuwa nikifundisha jiografia, tukikaa katika nyumba za walimu zilizopakana na uwanda. Ulikuwa mtoto wa mawe. Uliokota changarawe nyeupe, zile laini zinazoachwa na maji ya mvua, ukanitilia katika mfuko wa koti bila mimi kujua. Nilikuwa nikiingiza mkono kutafuta chaki mbele ya darasa, natoa jiwe lako. Wanafunzi walizoea. "Mwalimu, leo umeletewa mangapi?" Surua ilikuchukua kabla hujatimiza miaka mitatu, katika msimu wa upepo, tukakulaza katika makaburi ya Waislamu nje ya mji, ndani ya ua wa waya na matawi ya miba, mahali ambapo mbuzi hupita wakichungulia.

Tulipohamia Kitengela, Bashir alikuwa anatambaa na Idris hakuwa amezaliwa. Mama yako alifunga mizigo yote kwa mikono yake. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni, akaita jina la Nasra, akaita la Bashir, akafunga mdomo na kupanda lori. 

Hukukaa nasi muda wa kutosha kuelezwa habari ya majina, kwa hiyo nikueleze. Desturi hiyo tuliletewa na bibi yako, Ayeyo, kutoka kwetu kaskazini. Kwetu watu walihama na ngamia wao wakifuata mvua. Siku ya kuhama, vibanda vikishavunjwa na kupakiwa, mama wa nyumba husimama mwisho penye majivu ya meko na kumwita kila mtoto kwa jina lake, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kila mtoto huitika. Asiyeitwa, walisema, mwili wake huenda na ngamia, lakini kuna sehemu yake hubaki palepale ikicheza kwenye majivu. Sheikh mmoja alimwambia Ayeyo kwamba jambo hilo halimo katika dini. Ayeyo akamjibu, "Sijasema ni dini. Nimesema ni watoto." Mimi nilikuwa mtu wa vitabu na ramani, na sikuamini. Lakini katika kila nyumba ya mwalimu niliyoihama nilisimama kando, funguo mkononi, nikangoja mke wangu amalize kuita.

Safari ya Ndola ilianza kwa salamu. Ndugu yangu Yusuf, amu yako, alikwenda huko na malori akiwa kijana, akabaki. Mimi na yeye ndio watoto tuliosalia wa kambi yetu. Siku moja dereva aliyekuwa akielekea Nairobi alisimama Kitengela kunitafuta, akaniambia Yusuf miguu imemwisha, haendeshi tena, na kwamba anauliza kama atakufa bila kuwaona watoto wa ndugu yake. Jioni hiyohiyo mama yako alinitazama akasema, "Tutaenda. Wote. Usiniambie habari ya kwenda peke yako."

Unajua jinsi alivyokuwa. Alipanga safari ile kama mtu anayejenga nyumba. Tulikuwa na gari refu la kijivu, kuukuu, lenye viti vya safu tatu, na ile safu ya nyuma kabisa tulikubaliana iwe ya mizigo: jerikeni la maji, stovu, blanketi, debe la nyirinyiri. Nyama ile aliikata mwenyewe vipande vidogo, akaikausha, akaikaanga na kuizamisha katika samli ikae majuma bila kuharibika, kwa sababu hakuwa tayari kulisha wanawe vyakula vya vituoni. Mimi nilichukua uzi wa cherehani wake, nikaulaza juu ya ramani kufuata kila kona ya barabara, Arusha, Moshi, Korogwe, Chalinze, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha nikauvuta na kuupima kwa rula. Ayeyo, aliyekuwa karibu kipofu wakati huo, alinisikia nikigugumia hesabu.

"Mwalimu amepotea wapi sasa?"

"Sijapotea, mama. Niko Iringa."

"Ukifika uniambie kama kuna maziwa."

Tulimsihi aje nasi. Alikataa. Alisema ameshahama vya kutosha, na kwamba atabaki na jirani yetu Mama Mwende, mwanamke wa Makueni aliyefuga kuku upande wa pili wa seng'enge na aliyependa kubishana naye juu ya mambo ya Mungu.

Jambo ambalo mama yako alilisisitiza ni mazoezi. Watoto, alisema, hawafundishwi safari siku ya safari. Kwa hiyo kila Jumamosi tulipakia gari kana kwamba tunaondoka kweli, tukaenda, tukarudi. Mara ya kwanza tulifika Isinya tu. Bashir alitapika anjera, ule mkate wetu wa maji wa asubuhi, kabla hatujaiacha Kitengela nyuma.

"Hoyo, Bashir anatapika," Nasra alimwambia mama yako.

"Sitapiki. Natema mate."

"Mate iko na anjera ndani?"

Mama yako alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Kajiado. Nakumbuka nikijiambia kwamba safari hii imeshatufaa hata kabla hatujaondoka.

Mara ya pili tulikwenda Kajiado.

Nilitaka kukusomea Fatiha. Ilikuwa karibu adhuhuri, jua limesimama wima na uwanda umekuwa mweupe kama karatasi. Niliingia ndani ya ua peke yangu. Mama yako alibaki nje, ameshika waya kwa vidole, na watoto wakatawanyika kurushia mawe kigogo cha mti. Nilisoma, nikanyoosha mawe ya kichwani pako, nikatoka. Mzee mmoja Mmasai alikuwa ameketi mbali kidogo na mbuzi wake, amejifunika shuka. Tulisalimiana. Mama yako akageuka kuwaita watoto waingie garini.

Aliita kama mama yeyote anavyoita wanawe wakiwa wametapakaa, ulimi ukitangulia akili. "Nasra! Hibo! Bashir! Idris!"

Kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mahali pa kuondokea. Kwa sauti.

Upepo ulikuwa unavuma tangu asubuhi, na sasa naandika jambo ambalo niliishi nalo miaka mingi bila kulisema: uliacha kuvuma. Mama yako alifunika mdomo kwa kiganja. Mimi nilijifanya kutafuta ufunguo. Watoto walikuja mbio. Nasra alifungua mlango, Bashir akaingia, Idris akaingia, na Nasra, aliyekuwa na miaka tisa na aliyekukumbuka, alibaki ameushikilia ule mlango wazi. Aliushikilia kwa muda ambao mtoto mdogo angehitaji kupanda. Kisha akaufunga taratibu.

Nilipowasha gari, yule mzee alisimama na kuinua fimbo.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Ngojea ule mtoto."

"Mtoto gani, mzee? Watoto wote wako ndani."

"Ule." Alitazama nyuma ya gari, akakaza macho kwa sababu ya jua, akaishusha fimbo. "Haya. Ameshaingia. Nendeni na amani."

Karibu na Isinya, Idris, ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba aliwahi kuwa na dada mwingine, alisema, "Hoyo, funga dirisha. Huyu anasikia baridi." Mama yako hakumuuliza huyu ni nani. Alifunga dirisha.

Jumatatu iliyofuata niliingiza mkono katika mfuko wa koti mbele ya darasa, nikatoa jiwe jeupe.

Nitakuwa mwangalifu hapa, maana nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na najua jinsi mtu anavyoweza kuona anachotaka. Jiwe lile angeweza kulitia Idris. Alikuwa na umri wa kufanya hivyo, na Kajiado ina mawe. Nilijiambia hivyo darasani, nikajiambia tena nikirudi nyumbani. Ila Idris hakuwahi kufanya hivyo kabla ya siku ile, wala hakuna aliyemsimulia kwamba wewe ulifanya hivyo.

Mama Mwende naye alikuja na mahindi ya kuchoma, akawagawia watoto juu ya seng'enge. Mkononi mwake likabaki hindi moja, naye akaendelea kulinyoosha mbele, akiangalia chini, kama anayengoja kupokewa. Kisha akalitazama.

"Aiya. Nilichoma la nani hili?"

"La kwangu," alisema Ayeyo kutoka barazani.

"Wewe huna meno, mama. Utalifanyia nini?"

"Nitalishikilia."

Akalipokea kweli, akalishika mapajani jioni nzima bila kulila, uso ameuelekeza kwenye gari lililoegeshwa.

Lakini alama kubwa kuliko zote ilikuwa mama yako mwenyewe. Hibo, alikuwa na furaha. Aliimba akikausha nyama. Alishona mto mdogo wa kitambaa cha kijani, nikaukuta kwenye kile kiti cha nyuma kabisa tulichokuwa tumepangia mizigo. Jerikeni na stovu vilihamia juu, kwenye keria. Nilimuuliza kwa nini, akasema nyuma kutakuwa na joto, vitu vitaharibika. Niliponunua vikombe vya plastiki vya njiani, alinirudisha dukani, akasema havitoshi. Kila mpango tuliopanga ulianza kukuachia nafasi. Hakuna aliyetaja jina lako. Hakukuwa na haja. Na mimi, wacha niseme ukweli huu kwako pekee, nilikuwa nikiingia garini mchana wakati watoto wako shuleni, naketi mbele, natazama kioo cha dereva, nangoja. Sikuwahi kuona kitu. Lakini sikuwahi kujihisi peke yangu.

Pengine tungeondoka hivyo, na wewe nyuma, mpaka Ndola. Kilichotuzuia ni Idris.

Aliacha kuitika. Mwanzoni tulidhani ni utundu. Unamwita, amekaa hapo hapo, hageuki. Mama yako akamshika bega siku moja. "Idris, nakuita, husikii?"

"Nasikia."

"Sasa mbona huitiki?"

"Si mimi umeita."

"Nimeita Idris."

"Eeh. Si mimi."

Alisema bila ubishi, kama mtoto anayemwelekeza mgeni nyumba ya jirani. Aliacha kula vizuri. Anjera yake aliigawa, nusu moja akaipeleka garini. Alihama kiti chake cha katikati kwenye mazoezi, akawa anakaa sakafuni, na alipoulizwa akasema kile kiti si chake tena. Tulimpeleka zahanati. Mganga alimpima, akasema mtoto ni mzima, labda minyoo, akampa dawa. Mtoto aliendelea kupungua, taratibu, kama sabuni inavyopungua bila mtu kuona inakoishia.

Mchana mmoja Ayeyo alituita sote wawili barazani. Alimwambia mama yako akae chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana walipendana na alimwona kama binti yake.

"Ulimwita pale Kajiado," alisema.

Mama yako akavuta mtandio usoni.

"Sikulaumu. Na mimi nilizika watoto, na ulimi wangu uliwaita. Lakini mimi niliwaita tukiwa tumekaa. Wewe umemwita mkiondoka. Mtoto akiitwa na mama yake wakati wa kuondoka atafanyaje? Atakuja. Alikuwa mtiifu tangu zamani. Sasa yuko hapa na hana mahali. Anatafuta mahali."

"Hamdhuru ndugu yake," mama yako alisema. "Hibo hawezi."

"Hamdhuru. Mtoto hajui. Anakaa tu panapokalika." Ayeyo alinyoosha mkono akautafuta uso wa mama yako. "Umemtoa pale wewe, mrudishe pale wewe. Siku ya kwenda, simameni hapo hapo. Waite wengine. Yeye usimwite."

"Nimwache mara ya pili?"

"Mara ya kwanza hukumwacha. Alichukuliwa. Hii ndiyo mara yako ya kumwacha, na utamwacha vizuri."

Mama yako aliinuka akaingia ndani. Kwa siku kadhaa alipika, akafua, akafunga mizigo. Sikujua atafanya nini. Nilijua tu kwamba kuna mambo mawili ambayo hayangeweza kutimia pamoja: wewe kuja nasi na Idris kubaki wetu. Na nilijua kwamba kuchagua si kwangu, kwa kuwa sauti iliyokuita haikuwa yangu.

Tuliondoka Desemba, asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Ayeyo alisimama langoni amemshika Mama Mwende mkono. Mama yako hakuita majina pale. Mama Mwende, aliyeizoea desturi yetu, alishangaa. "Leo huiti?" Mama yako akamwambia, "Nitaitia njiani."

Kajiado tulifika watu wakifungua maduka. Niliegesha kando ya makaburi. Yule mzee wa mbuzi hakuwepo, lakini mbuzi walikuwepo, wamesimama wote wakitazama upande mmoja, upande wetu, bila kutafuna. Mama yako aliwaambia watoto washuke wanyooshe miguu. Yeye alizunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa mizigo, akautoa ule mto wa kijani. Aliubeba kifuani mpaka kwenye ua, akaupitisha kati ya nyaya, akauacha ndani, chini ya miba. Alikaa hapo kwa muda amechuchumaa. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilikuwa mbali, sikusikia, na sikuwahi kumuuliza. Wewe ulisikia.

Kisha akasimama mahali palepale aliposimama mara ile, akageukia gari, akakupa mgongo.

"Nasra."

"Niko, Hoyo."

Halafu ikaja nafasi yako. Sijawahi kusikia kimya kikubwa hivyo uwandani, mahali ambapo daima kuna nzi, ndege, au waya unaolia. Mkono wake ulikuwa umekunja kitambaa cha buibui. Nasra aliangalia chini, machozi yakimtiririka bila sauti. Ilikuwa rahisi sana kuita, Hibo. Jina lako ni fupi.

"Bashir."

"Niko."

"Idris."

Idris hakuitika. Alikuwa amesimama kando ya tairi, ameukazia macho ule ua.

"Idris."

Upepo ulianza, mdogo, ukaviringisha vumbi miguuni mwake.

"Idris, mwanangu. Ni wewe naita."

Aligeuka. Alimtazama mama yako kama mtoto aliyeamshwa kutoka usingizi wa mchana, asiyejua bado ni wakati gani. "Niko," alisema. Halafu, kwa sauti yake ya zamani, "Niko na njaa."

Tulipoingia barabarani alipanda magoti kwenye kiti chake cha katikati, akageukia kioo cha nyuma, akapunga mkono. Mama yako alitazama mbele. Kufika Bisil, Idris alikuwa amekula anjera yake yote na anadai ya Bashir. "Hiyo ni yangu," Bashir alisema. "Tapika kwanza tuone kama ni yako," akajibiwa. Mama yako alianza kucheka, na kicheko kikageuka, nikasimamisha gari kando, nikangoja mpaka kiishe.

Sitakusimulia njia yote. Uzi wangu ulinidanganya. Barabara za kweli zilikuwa ndefu kuliko rula. Tulifika Ndola tukiwa wachafu na wazima. Yusuf aliwashika watoto mmoja mmoja mikononi, akawanusa vichwa, akawauliza majina ingawa aliyajua. Siku iliyofuata, tukiwa wawili kibarazani kwake mchana, nilimsimulia habari yako. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama naikumbuka siku tuliyokimbia kwetu.

Naikumbuka. Zilikuwa vurugu za miaka ya sitini. Watu walikuja alfajiri, kambi ikashika moto, na Ayeyo akatushika mikono mimi na Yusuf akatuburuta. Hakusimama penye majivu. Hakuita. Hatukurudi tena.

"Wewe hukugeuka," Yusuf alisema. "Mimi niligeuka. Niliwaona bado wanacheza pale, kwenye moshi."

"Kina nani?"

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikishindwa jambo rahisi.

"Sisi," akasema.

Yusuf alifariki mwaka uliofuata. Ayeyo akamfuata. Mama yako aliishi kuona milenia mpya, kuona Kitengela ikijaa maghorofa na viwanja vikikatwa mpaka Isinya, na alipougua aliomba jambo moja tu: asizikwe hapa karibu, apelekwe Kajiado. Unajua alipo. Siku tuliyomzika, tulipotoka kwenye ua, Nasra alisimama akawaita Bashir na Idris, wanaume wazima wenye ndevu, nao wakaitika kama watoto. Jina la mama yao hakuliita. Mimi nilikuwa nimeshika waya, na sikumsikia akiliita langu pia. Labda aliita. Huwa nachelewa kusikia. Mama yako, miaka yote ya ndoa yetu, alilazimika kuniita mara mbili, na mara ya pili alikuwa akigusa bega.

Jana nilivaa koti langu la zamani. Mfuko ulikuwa mtupu. Niliingiza vidole mpaka kwenye mishono, nikatafuta. Lile jiwe la siku ya darasani liko dirishani, nimeliweka mahali pa jua, na halijapata mwenzake. Nimelichukua hilo kuwa salamu kwamba umetulia, na nimejizuia kuhuzunika.

Basi Nasra nitamjibu hivi: ataita yeye. Ni mama sasa. Jumamosi nilisafiri nao zoezi lao la Isinya, wajukuu wanapigania dirisha, mmoja anatapika na kukana. Mimi Ndola siendi; nimeshahama vya kutosha. Watanishusha Kajiado, kwenye ua. Nasra atasimama pale mama yake aliposimama, atawaita wanawe, jina lako na la mama yako atayaruka. Nitamwambia alipange na langu miongoni mwa yale ya kuruka, maana mimi nitabaki hapo mpaka gari lao lipotee, kisha nirudi Kitengela taratibu na gari la abiria. Tafadhali, mwanangu, usikimbilie gari. Ukisikia majina ya watoto wadogo yakiitwa, si lako. Mshike mama yako mkono na mwangalie mbuzi.

Ila kuna siku nyingine, na haiko mbali, ambapo gari litanileta hapo likarudi bila mimi. Sijui nitafika nikiwa nani. Yule mwalimu mtamfahamu, lakini kuna mvulana aliyebaki kaskazini kwenye majivu, ambaye hakuna aliyewahi kumwita, na nisingependa kuja bila yeye. Ngojeni mpaka watu waondoke na vumbi litulie. Kisha simama wewe, Hibo, kwa kuwa ndiwe unayejua kuja ukiitwa, uniite kwa jina langu la nyumbani, lile Ayeyo alilolitumia. Mama yako atakuambia. Nisipoitika, ita tena.

Nitakuja. Niko njiani tangu utoto.

Baba yako,
Abo